Goma: Albamu ya familia kwa wembe, katoni na jani la sombe

Volkeno, vita na wizi wa telefone vimeacha familia nyingi za mashariki mwa Kongo bila picha za wazee wao. Lakini zile zilizobaki zinaweza kupangwa nyumbani kwenye kurasa za kupendeza, kwa vitu ambavyo karibu kila nyumba inavyo. Mwandishi wetu amejaribu kazi hiyo pamoja na mama yake.

Mama yangu ana picha 11. Ndizo zote zilizobaki, na kwa miaka mingi zilikaa ndani ya bahasha moja ya kaki. Alhamisi tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, serikali iliagiza wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke. Mama alishika njia ya Sake akibeba mfuko wa nguo, sufuria moja na bahasha hiyo. Hakutaka tena kurudi mikono mitupu. Picha zetu zingine zote ziliungua tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, siku lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwa Kivu na kuacha watu zaidi ya laki moja bila makao. Nyumba yetu ilikuwa njiani.

Siku moja mtoto wa yaya yangu, msichana wa miaka 11, alimwaga bahasha hiyo mezani akaanza kumuuliza tate yake: huyu ni nani? Na huyu? Mama alijibu kwa picha nane. Kwa zile tatu zingine alizishika, akazigeuza, akanyamaza. Nyuma hapakuwa na neno hata moja.

Hapo nilielewa kwamba picha inaweza kupona moto na bado ikapotea. Tuliamua kutengeneza albamu, kila picha na ukurasa wake, na kila ukurasa na majina yake. Na kwa kuwa albamu za dukani zina bei, na nyingi zina kurasa zenye gundi ambayo kadiri miaka inavyopita inaharibu picha, tuliamua kuitengeneza wenyewe.

Tundu na kipande

Urembo wa kurasa zetu unatoka kwenye kiolezo, yaani karatasi ngumu iliyokatwa tundu lenye umbo fulani. Unakiweka juu ya ukurasa, unapiga rangi, unakiondoa, na umbo linabaki. Sio jambo geni kwetu. Majina ya wenye viti vya plastiki vya kukodi kwa matanga na harusi mara nyingi yanaandikwa hivyo, na namba za milango pia.

Lakini ukikata tundu, kuna kipande kinachodondoka. Wengi wanakitupa. Usikitupe. Kipande hicho ni kinga: ukikiweka kwenye ukurasa na kunyunyiza rangi pembeni yake, karatasi iliyo chini inabaki nyeupe. Kiolezo kinachora ndege. Kinga inaacha nafasi ya ndege. Mkato mmoja unakupa kazi mbili.

Ufundi huu ni wa zamani sana. Katika mapango ya Sulawesi, nchini Indonesia, kuna alama za mikono ya watu zilizoachwa kwa kupuliza rangi kuzunguka kiganja. Wataalamu wamepima mojawapo na kuona ina angalau miaka 39,900. Mkono wenyewe ndio uliokuwa kinga. Wajapani nao walikata violezo vya karatasi iliyopakwa maji ya tunda la persimoni ili isiloe, wakavitumia kutia nakshi kwenye vitambaa vya kimono.

Vifaa vya nyumbani

Sisi hatuna persimoni, lakini tuna mishumaa. Katoni ya sabuni au ya biskuti ikisuguliwa mshumaa pande zote mbili haipitishi maji haraka, na kiolezo chake kinaweza kutumika mara nyingi. Jalada la plastiki la faili za wanafunzi ni zuri zaidi.

Kinachoshinda vyote ni filme ya zamani ya radiografia, ile ambayo mgonjwa anarudi nayo kutoka hospitali na kuiweka chini ya godoro. Iloweshe katika maji yenye javeli, sugua kwa sponji, suuza, na weusi wote utatoka. Utabaki na plastiki ngumu inayoonyesha upande wa pili. Fanya hivyo nje penye hewa, vaa glavu, weka watoto mbali, na usichanganye javeli na dawa nyingine yoyote ya kusafisha. Hakikisha pia jina la mgonjwa limefutika. Ugonjwa wa mtu si urembo wa albamu.

Kwa kukata, wembe mpya na kipande cha kioo au kigae chini yake vinatosha. Geuza karatasi, usigeuze mkono. Anza na matundu madogo ya ndani, umalizie na makubwa, la sivyo kiolezo kinalegea kabla hujamaliza.

Herufi zina mtego wake. Tulikata neno GOMA, na tumbo la O likadondoka lote. Tukabaki na shimo la duara. Dawa yake ni kuacha vidaraja viwili vyembamba vinavyoshika tumbo la herufi kwenye karatasi. A, B, D, P, R na sufuri vyote vinahitaji vidaraja. Mwaka 2002 una sufuri mbili. Tuliukata mara tatu kabla haujakaa sawa.

Kosa lililotufundisha

Rangi tuliyotumia ni ile ya maji inayopakwa ukutani, kidogo iliyobaki chini ya ndoo. Mara ya kwanza niliichovya sponji, nikaisukuma juu ya kiolezo kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Rangi ikapita chini, ikatapakaa, na tone moja likaangukia pembe ya picha ya harusi ya mama. Hakunigombeza. Aliifuta kwa ncha ya kikwembe chake, kisha akaiondoa mezani na kuirudisha kwenye bahasha.

Tangu siku hiyo tuna sheria mbili. Ya kwanza: picha ya asili haikai mezani wakati rangi iko wazi. Tulizipeleka zote 11 studio, zikaskaniwa na kuchapwa tena. Nakala ndizo zinazoingia kwenye albamu, na za asili zinapumzika. Ya pili: rangi iwe kidogo kuliko unavyofikiri. Chovya sponji, igonge juu ya karatasi chakavu hadi ikaribie kukauka, kisha gonga juu ya kiolezo moja kwa moja kwenda chini, bila kuburuta. Ni afadhali kupiga mara tatu kidogo kidogo kuliko mara moja kwa wingi.

Kwa kinga tunatumia mswaki wa zamani. Unauchovya, unaukung'uta, kisha unapitisha kidole gumba juu ya nywele zake, na matone madogo yanaanguka kama manyunyu. Hapa mtoto alitushinda sote. Alichuma jani la sombe, akalilaza ndani ya daftari usiku mzima hadi likanyooka, akaliweka kwenye pembe ya ukurasa na kunyunyiza rangi ya kijani. Alipoliinua, vidole vyote vya jani vilikuwa pale, vyeupe. Hakukata kitu.

Kwa mipaka ya kurasa tulifuata nakshi za vitambaa vya raffia vya Wakuba wa Kasai, yale maumbo ya pembe yanayopishana. Kunja karatasi mara nne, kata pembetatu chache kwenye mikunjo, ifungue, na mpangilio unajitokeza wenyewe. Lakini usijaze ukurasa. Rangi mbili zinatosha, urembo ukae pembeni, na picha iwe ndiyo ya kwanza kuonwa. Acha ukurasa ulale usiku mzima ukauke kabla ya kuweka picha.

Na picha isipakwe gundi. Kata pembetatu nne ndogo za karatasi nyeupe, zikunje ziwe kama mifuko, bandika mifuko hiyo kwenye ukurasa na uingize pembe za picha. Siku ukitaka kuitoa, itatoka nzima. Epuka gundi ya unga wa muhogo, kwa sababu inaita wadudu na ukungu. Epuka pia karatasi ya gazeti, kwa sababu inageuka njano na kuharibu kinachoigusa.

Jina ndilo linalosema

Mwaka 1873 mwandishi Mmarekani Mark Twain alipata hataza ya kitabu cha kubandikia picha na vipande vya magazeti, chenye kurasa zilizopakwa gundi tayari. Wengi hawajui kwamba mtu huyohuyo, mwaka 1905, alitoa kijitabu cha kuushambulia utawala wa Leopold II katika Kongo, na humo mfalme analalamikia kamera. Alikuwa na sababu. Picha za mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris zilikuwa zimeanza kuonekana Ulaya na Marekani. Ile inayojulikana zaidi, ya mwaka 1904, inaonyesha mwanaume ameketi akitazama mkono na mguu wa mtoto wake.

Tunajua kwamba mwanaume huyo aliitwa Nsala, na mtoto wake Boali, kwa sababu kuna mtu aliyeandika. Bila majina hayo, tungekuwa na huzuni isiyo na mwenyewe.

Ndiyo maana kila ukurasa wetu una mistari minne chini ya picha: nani, wapi, mwaka gani, na nani aliyetuambia. Mama anasema, mtoto anaandika. Nyuma ya picha tunaandika kwa penseli laini, polepole, kwa sababu biki inakandamiza na wino wake unaweza kupenya. Kwa zile picha tatu, tumezituma kwa telefone kwa ndugu walioko Bukavu na Beni. Shangazi mmoja ametambua mbili. Ya tatu bado, na mstari wake uko wazi.

Nafasi nyeupe

Babu hana picha. Aliungua naye 2002, ndivyo mama anavyosema, ingawa babu mwenyewe alikufa miaka mingi mbele ya hapo: ilikuwa picha yake moja tu, ukutani. Nilifikiri tungemruka.

Mama alichukua wembe. Kwenye filme ya radiografia alikata kofia pana na fimbo iliyopinda juu, polepole, bila kuchora kwanza. Akaviweka katikati ya ukurasa, kofia juu, fimbo pembeni, kisha akamwomba mtoto anyunyize. Mtoto alinyunyiza rangi nyeusi ya makaa yaliyosagwa ndani ya rangi ya maji hadi ukurasa ukawa kama mchanga wa volkeno. Mama akaviinua vipande. Kofia na fimbo vilibaki vyeupe.

Chini yake mtoto aliandika mistari minne kama kwenye kurasa zingine. Kisha akauliza kofia ilikuwa ya rangi gani, na mama akaanza kueleza: kofia, fimbo, ng'ombe, njia ya Masisi. Tulikaa hapo hadi umeme ukakatika.

Albamu ina kurasa 12, kila moja ya ukubwa wa karatasi ya kawaida ya fotokopi. Tuliufuata ukubwa huo makusudi ili iingie kwenye mfuko mdogo. Inakaa ndani ya plastiki iliyofungwa vizuri, mbali na ukuta wenye unyevu, pamoja na kadi za uchaguzi na vyeti vya shule. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mapigano yalipoingia Goma, tulijifunza tena kwamba dakika za kuchagua cha kubeba ni chache. Sasa mtoto anajua mfuko uko wapi, na anajua majina.