SOMO: KUWEKA CHAKULA KATIKA NYUMBA NDOGO

Wazee husema, "Akiba haiozi." Lakini mahindi huoza yasipowekwa vizuri. Leo tutajifunza namna ya kuyaweka.

Nyinyi mlioko Kilosa, Mikumi na vijiji vya jirani mnajua taabu ya siku za mavuno. Nyumba ya vyumba viwili hujaa magunia. Moja huegemea ukuta, jingine huwa chini ya kitanda, la tatu huwa karibu na meko. Mwenye nyumba husema, "Sina nafasi." Basi huuza upesi, wakati bei ni ndogo. Njaa ikija, hununua mahindi kwa bei kubwa. Kwa hiyo nafasi ndani ya nyumba ni fedha.

Kwanza, inueni magunia. Sakafu ya udongo ina unyevu, na gunia huunyonya. Mahindi huota ukungu, na ukungu mwingine huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Jengeni chaga ya miti na fito, iliyo juu kama goti la mtu mzima. Isiguse ukuta, acheni nafasi ya kupita na kufagia. Pangeni magunia moja juu ya jingine. Majembe na vikapu vitundikeni ukutani. Sasa mtaona kwamba chumba kimeongezeka.

Watu wa bonde la Mkondoa wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010. Chaga haiwezi kuzuia mafuriko makubwa kama yale. Lakini maji kidogo yakipita sakafuni, chakula kitapona.

Pili, kausheni kabla ya kuweka. Tieni mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, mtikise, kisha mngoje robo saa. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Yarudisheni juani, juu ya turubai.

Tatu, mwogopeni dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hapa nchini alianza kujulikana mkoani Tabora karibu na mwaka 1980, kisha akaenea. Hutoboa mahindi, na miti pia. Basi ambueni maganda ya miti ya chaga. Msichanganye mahindi mapya na ya zamani.

Mkiweza, tieni mahindi makavu katika pipa lenye mfuniko unaobana, au katika mifuko isiyopitisha hewa. Wadudu hukosa pumzi wakafa. Msifungue kila siku. Wekeni kando debe moja la kula.

Nne, dawa za shamba na mafuta ya taa visikae karibu na chakula. Dawa ya kuhifadhi nafaka ni nyingine. Mwulizeni bwana shamba au bibi shamba kipimo chake.

Magunia yakipangwa, ni rahisi kuyahesabu. Mkiyahesabu, mtajua yapi ni ya kula, yapi ni ya mbegu, na yapi yanaweza kungoja bei nzuri.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini gunia lisikae sakafuni?
2. Chumvi inatuonyesha nini?
3. Familia yako hula madebe mangapi kwa mwezi? Andika hesabu yake mpaka mavuno yajayo.