Mume wangu, jimu na mimi

Ujumbe uliingia saa 5:40 usiku. "Kocha, umelala?" Pembeni yake kikatuni cha busu. Simu ni ya mume wangu, ilikuwa inachaji upande wangu wa kitanda, na mimi, mpenzi msomaji, ni binadamu. Niliusoma. Kisha nikasoma na zile za juu yake.

Hakukuwa na kitu. Dada wa watu alikuwa anauliza kama kula ndizi usiku kunaongeza kitambi. Lakini usingizi ulishakata, na nikiwa macho ndipo nilipogundua kwamba hata siku ile nisingekuta ujumbe wowote bado ningekuwa na hasira. Kwenye meza hii ya uhariri nimesoma visa vingi vya wanandoa wanaofanya biashara pamoja, nikawashauri kama vile mimi ni mtaalamu. Mwezi huu acha niseme ya kwangu.

Novemba 2018, ndoa ikiwa na mwaka mmoja tu, tulichukua ukumbi wa ghorofa ya kwanza Sinza, si mbali na Barabara ya Shekilango. Mume wangu amebeba vyuma tangu yuko chuo, na kila mtu alikuwa anamwambia, "Wewe fungua jimu, utapiga hela." Watu hao hao sikuwaona siku ya kulipa pango. Mwenye nyumba alitaka miezi 6 kwa mkupuo, 700,000 kwa mwezi, yaani 4,200,000 kabla hatujanunua hata dumbeli moja. Mtaji ulitoka benki, mkopo wa mshahara, na mshahara wenyewe ulikuwa wangu. Makato 410,000 kila mwezi kwa miaka 4. Saini yangu, jimu ya "kocha".

Kama unaijua Sinza unawajua watu wake. Wanapenda kutoka, wanapenda kupendeza, na bei ya kila kitu wanaijua. Tulifungua saa 11 alfajiri kwa wale wanaowahi mjini, lakini soko lenyewe ni jioni. Wengi wa jioni, nakwambia ukweli, hawaji kwa ajili ya afya. Wanakuja kusubiri foleni ipungue. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona hao ndio wanaolipa bila kusumbua, kwa sababu njia yao ya kurudi nyumbani haibadiliki. Anayekuja Januari na viatu vipya kupunguza mwili, kufika Machi humuoni.

Katikati ya 2019, mita kama 200 kutoka kwetu, ikafunguliwa jimu nyingine. Kiyoyozi, vioo ukuta mzima, mashine 6 za kukimbilia, na bei ya ufunguzi 30,000 kwa mwezi. Sisi tulikuwa 40,000, na feni.

Mume wangu akasema tushushe. Nikachukua kalamu. Tulikuwa na wanachama 62, sawa na 2,480,000 kwa mwezi. Pango 700,000, umeme 350,000, walimu wawili 600,000, mlinzi na mfanya usafi 300,000, matengenezo 150,000. Inabaki 380,000, wakati makato ya benki ni 410,000. Yaani hata tukiwa tumejaa, mimi ndiye niliyekuwa naongezea 30,000 ili watu wa Sinza wapate vifua. Tukishuka hadi 30,000, tunahitaji wanachama 21 zaidi ili tubaki palepale, na ukumbi ule jioni ulikuwa hauna nafasi ya kugeuza hata shingo.

Alinisikiliza, akaitikia, halafu wiki iliyofuata akashusha bei bila kuniambia. Nilijua kwa kuona tangazo getini.

DAFTARI

Hapo ndipo nilipoomba kuona daftari. Pole pole, bila kelele, nikakaa mapokezi Jumamosi nzima nikilinganisha majina na malipo ya M-Pesa. Wanachama 62 walikuwa 62 kweli. Ila 14 kati yao walikuwa hawajalipa miezi miwili au zaidi. Washikaji zake. Wa chuo, wa mpira, mmoja alikuwa mshenga wetu! "Atalipa mwisho wa mwezi" iliandikwa mbele ya jina moja mara 5.

Tuligombana vibaya. Sitakudanganya kwamba tulikaa tukaongea kama watu wazima. Nilimwambia anatumia mshahara wangu kununua umaarufu. Yeye akaniambia mimi sijawahi kutoka jasho pale ndani, nakuja na kalamu tu. Wote tulikuwa na ukweli, na ndiyo maana yaliuma. Siku 4 tulisalimiana kupitia dada wa kazi.

Aliyetutoa hapo ni mama mkwe, na wala hakuwa na habari. Daktari alikuwa amemwambia afanye mazoezi kwa sababu ya sukari. Nikamwambia, "Mama, si una jimu ya mwanao?" Akanitazama juu hadi chini. "Mwanangu, mimi nikainame mbele ya wale vijana waliovua mashati?"

Kuanzia saa 4 hadi saa 6 mchana ukumbi wetu ulikuwa mtupu kila siku, na pango tunalipa. Tukaweka mapazia, tukatafuta mwalimu wa kike, tukazuia wanaume saa hizo, pamoja na kocha mwenyewe. Bei 25,000. Mama mkwe akaja na wenzake wa kikoba. Waliovaa hijabu wakaja, waliojifungua karibuni wakaja. Miezi mitatu baadaye walikuwa 34, sawa na 850,000. Ukitoa 250,000 ya mwalimu, kuna 600,000 ambazo yule wa kiyoyozi hakuwa nazo. Tena kinamama hawaulizi mashine mpya. Wanauliza kama kuna maji na kama mwalimu ataanza kwa wakati.

Bei tuliirudisha 40,000. Walihama 11, wakarudi 6. Wale 14 walipewa wiki mbili, na mshenga wetu alinuna mwaka mzima. Simu ya jimu ikawa moja, inalala mapokezi. Hilo la simu sikuliomba mimi, alilileta mwenyewe, na nililipokea kuliko zawadi yoyote ya ndoa.

Machi 2020 korona ilipoingia nchini tulibaki na watu 9, na yale makato hayakusubiri mtu. Tulihamia nyumba ya vyumba viwili. Mkopo ulikwisha Novemba 2022. Tulikula chipsi kuku kwenye ngazi za jimu, hatukwenda popote.

Halafu mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023. Vyuma havihitaji LUKU, kwa hiyo sisi tuliendelea na taa za kuchaji na madirisha wazi. Kwa jirani, kiyoyozi na mashine 6 vyote vilitaka jenereta, na jenereta inataka mafuta. Mapema 2024 akaweka vifaa sokoni.

Tulikwenda wote wawili kuangalia. Kumbe nao ni mke na mume. Yeye alikuwa nje anaongea na simu, mke alikuwa ndani peke yake akihesabu dumbeli, akiziandika kwenye daftari kama letu. Nilimpa pole. Akauliza, "Dada, ninyi mlikopa kwa jina la nani?"

Nikamwambia la kwangu.

"Mimi pia," akasema, akaendelea kuhesabu.

Tulichukua benchi 3 na dumbeli jozi 8, na hatukuomba apunguze bei. Mume wangu aliizunguka mashine moja ya kukimbilia mara mbili, akaibonyeza, akanitazama. Tuliiacha palepale.