Kitalu cha Muda: Jinsi Seli Punje Zinavyojenga Ubongo Mdogo wa Mtoto

Mtoto anapojaribu kuokota punje ya mahindi kwa ncha za vidole, mkono hutikisika, hupita shabaha, kisha hurudi. Miezi michache baadaye huiokota bila kukosea. Wazazi husema mtoto amekua. Sehemu kubwa ya ukuaji huo hutokea kisogoni, ndani ya serebela, yaani ubongo mdogo, unaoratibu mizani ya mwili, ulaini wa mijongeo na mtiririko wa matamshi.

Serebela huchukua takribani sehemu moja tu ya kumi ya ujazo wa ubongo. Hata hivyo, hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 ilionyesha kwamba kati ya seli za neva zipatazo bilioni 86 za ubongo wa mtu mzima, takribani bilioni 69 zimo humo. Karibu zote ni seli punje, ambazo ni miongoni mwa seli za neva ndogo kabisa mwilini. Namna seli hizi zinavyozaliwa, na hasa wakati zinapozaliwa, ni jambo linalomhusu kila anayemtunza mtoto njiti.

Kitalu juu ya shamba

Seli nyingi za neva za ubongo huzaliwa ndani, karibu na vyumba vya maji ya ubongo, kisha husafiri kuelekea nje. Seli punje hufuata njia iliyo kinyume. Seli mama hutoka kwenye ukingo wa ubongo wa nyuma wa kiinitete, hutambaa juu ya serebela changa na kuufunika uso wake wote. Hapo hufanyika tabaka la nje la seli punje. Tabaka hilo ni kitalu: miche huoteshwa humo kwa wingi, lakini mahali pake pa kudumu ni kwingine.

Chini ya kitalu zimejipanga seli kubwa zilizoelezwa na mwanasayansi Purkinje mwaka 1837, ambazo hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Tafiti zilizochapishwa mwaka 1999 zilibainisha kwamba seli za Purkinje hutoa protini ijulikanayo kwa kifupi kama SHH, inayozihimiza seli mama ziendelee kugawanyika. Kwa hiyo, seli za Purkinje zikidhurika, kitalu nacho hudhoofika.

Seli ikiacha kugawanyika huchipuza nyuzi mbili, moja huku na nyingine kule, sambamba na uso wa serebela. Kisha mwili wake huzama ukifuata uzi wa seli saidizi za Bergmann, kama mtu ashukaye kisimani kwa kamba. Safari hiyo ilielezwa kwa kina na Pasko Rakic mwaka 1971 alipochunguza ubongo wa kima. Seli hupita katikati ya seli za Purkinje na kutulia katika tabaka la ndani, huku uzi ulioachwa nyuma ukifanya umbo la herufi T. Kwa uzi huo, seli punje hupeleka kwa seli za Purkinje habari za misuli, masikio na macho.

Kazi hii haikomi siku ya kuzaliwa. Huendelea katika miezi ya mwanzo ya uhai, na mtoto anapokaribia mwaka mmoja kitalu huwa kimekwisha. Tabaka la nje hutoweka, wala hapaoteshwi kitalu cha pili.

Anapozaliwa kabla ya wakati

Kati ya wiki ya 24 na ya 40 ya ujauzito, ujazo wa serebela huongezeka takribani mara tano. Hakuna sehemu nyingine kubwa ya ubongo inayokua kwa kasi hiyo katika kipindi hicho. Mtoto azaliwaye katika wiki ya 27 huutoka mji wa mimba kitalu kikiwa katika pilikapilika. Kuvuja damu, maambukizi, upungufu wa oksijeni na lishe duni vyote huweza kupunguza mavuno. Serebela huweza kubaki ndogo hata pale ambapo hakuna jeraha lililoonekana. Aidha, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopigwa kupitia utosi wa mbele pekee huweza kukosa kuonyesha damu iliyovuja humo. Kupima pia nyuma ya sikio husaidia.

Baadaye mtoto huweza kuchelewa kukaa au kusimama, kukosa ulinganifu wa mikono, au kupata ugumu wa kusema na kujifunza. Hayo si hukumu. Watoto njiti wengi hukua vyema.

Upo pia upande wa pili. Seli mama zisipotii amri ya kuacha kugawanyika, huweza kuzaa medulobilastoma, saratani ya ubongo inayowapata watoto zaidi kuliko saratani nyingine za ubongo. Moja ya makundi yake huanzia katika seli za kitalu hiki. Mtoto anayeumwa kichwa na kutapika asubuhi mara kwa mara, huku akianza kuyumba anapotembea, apelekwe hospitali bila kukawia.

Yaliyo mikononi mwa wahudumu na wazazi

Kinga huanza kliniki ya wajawazito: kutibu malaria, upungufu wa damu na maambukizi, na kuepuka pombe kabisa, kwa kuwa pombe huua seli za neva za serebela changa. Baada ya kuzaliwa, deksamethasoni ya muda mrefu itolewe kwa uangalifu mkubwa. Hili lisichanganywe na dozi fupi ya steroidi apewayo mama kabla ya kujifungua njiti, ambayo huokoa maisha.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza huduma ya kangaruu ianze mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Joto la kifua cha mama na maziwa yake humpa mtoto utulivu na lishe wakati ubongo wake ungali unajengwa.

Maendeleo yake yapimwe kwa umri uliorekebishwa. Aliyezaliwa wiki 12 kabla ya wakati, akitimiza miezi sita, alinganishwe na mtoto wa takribani miezi mitatu. Mama anayeelezwa hivyo haondoki kliniki akidhani mwanawe ameshindwa. Iwapo mtoto amechelewa hata kwa hesabu hiyo, apelekwe mapema kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kwa maana mazoezi hufaa zaidi ubongo ungali mchanga.