Kwa Nini Nesi Anauliza Maswali Mengi?

[Muziki wa kufungua, unashuka taratibu]

MTANGAZAJI: 

Wengi wenu mliingia Uganda kwa kupitia Mpondwe, wilaya ya Kasese. Kama ulipita miaka ile ya Ebola, unakumbuka: unavuka mto Lhubiriha, unanawa mikono, mtu anakuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, halafu maswali yanaanza. Unatoka kijiji gani? Nyumbani kuna aliyeumwa? Kuna aliyekufa? Ulikwenda mazikoni? Uligusa maiti? Mtu aliyechoka, mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani, anajiuliza: huyu ni nesi au ni polisi?

Na ukifika zahanati ya kambini, maswali mengine. Unalala wapi? Maji unachota mbali kiasi gani? Nani anakupikia? Wewe umekuja kwa sababu ya homa tu.

Maswali hayo hayatoki hewani. Manesi wanafundishwa kitu kinachoitwa nadharia ya uuguzi, yaani mawazo yaliyopangwa yanayomwonyesha nesi atazame nini kwa mgonjwa, na kwa nini. Daktari anatafuta ugonjwa. Nesi anatafuta pia mtu mwenyewe: anaweza nini, amezoea nini, anarudi kwenye nyumba ya namna gani. La kwanza kabisa ni la zamani. Florence Nightingale, Mwingereza aliyewauguza askari katika vita vya Crimea kuanzia 1854, alishikilia kwamba hewa safi, mwanga, maji na usafi ni sehemu ya matibabu. Nesi akikuuliza kama nyumba yako ina dirisha, anakufikiria kwa njia hiyo.

Lakini tukae kidogo na Mmarekani mmoja, Dorothea Orem, aliyetoa kitabu chake mwaka 1971. Yeye alianza na jambo ambalo kila mama analijua: mtu mzima hujitunza mwenyewe. Anaoga, anakula, anapumzika, anameza dawa. Uuguzi unahitajika pale uwezo huo unapopungua. Kwa hiyo nesi anauliza: huyu anaweza nini mwenyewe, ndugu zake wanaweza nini, na kilichobaki ni kazi yangu kiasi gani?

Chukua mfano wa mzee mwenye kisukari na kidonda mguuni. Siku ya kwanza ana homa kali, hawezi hata kukaa. Nesi anamfanyia yote. Baada ya siku chache mzee anaosha kidonda mwenyewe huku nesi akitazama na kumsahihisha. Mwisho anarudi nyumbani, na kazi ya nesi ni kufundisha na kukagua tu. Hapo ndipo swali la maji linapoleta maana. Kama bomba liko mbali na mzee hana mtu wa kumchotea, maagizo ya kuosha kidonda kila siku ni maneno matupu. Kama hana viatu na anakwenda shambani peku, kidonda kitarudi. Ukificha hayo kwa aibu, nesi atakupangia matibabu ya mtu mwingine, mwenye maji na viatu.

Sasa turudi Kasese, maana huko mawazo haya yalipimwa kwa moto.

Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Kati ya Beni na Bwera watu ni wamoja: Mnande wa ng'ambo ile na Mkonzo wa ng'ambo hii wanasikilizana kwa lugha, wanaoana, wanauziana samaki na maharage. Uganda ilijiandaa mapema. Karibu wahudumu wa afya 4,700 walikuwa wamechanjwa kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Mwezi Juni 2019 familia moja ilivuka kutoka Kongo na mtoto wa miaka 5 aliyekuwa anaumwa. Walimpeleka hospitali ya Kagando. Wahudumu pale walishuku Ebola, wakampeleka kwenye kituo maalumu cha hospitali ya Bwera, na tarehe 11 Juni ikathibitishwa. Mtoto alifariki. Bibi yake naye alifariki. Hata hivyo, ugonjwa haukuenea kwa watu wa Uganda safari ile. Chanjo ilisaidia. Kushuku mapema kulisaidia pia, na huwezi kushuku bila kuuliza.

Tusifichane jambo moja. Wakati wa mlipuko, jibu lako haliishii kwa nesi. Linapelekwa kwa wanaofuatilia waliokutana na mgonjwa. Na familia ile ilirudishwa Kongo, ambako walikuwa na ndugu na kulikuwa na dawa zilizokuwa zikijaribiwa. Wizara ya Afya ya Uganda ilieleza kwamba wenyewe waliridhia. Najua habari kama hiyo inamtia mkimbizi hofu. Ndiyo sababu una haki ya kuuliza nawe: nikikuambia, nini kitafuata? Nitapelekwa wapi, na nani atabaki na watoto?

Hapa linaingia wazo la mwanamke mwingine, Madeleine Leininger, nesi aliyesomea pia mila za watu. Miaka ya 1960 alikwenda kuishi na Wagadsup wa Papua New Guinea, akaona jinsi watu wanavyotunzana kwa namna yao. Alifundisha kwamba nesi akikutana na desturi ya mgonjwa, asiipinge moja kwa moja. Ajiulize mambo matatu: hii tuiache ilivyo, turekebishe kidogo, au lazima ibadilike?

Pima hayo kwa mazishi. Maiti ya aliyekufa kwa Ebola ina virusi vingi, na wengi waliambukizwa kwa kuosha na kugusa marehemu. Hapo hakuna mjadala: mikono mitupu isiguse mwili. Lakini sala, nyimbo, jina la marehemu, ndugu kuchagua mahali pa kaburi, hayo hayaambukizi mtu, kwa nini yazuiwe? Na katikati yapo ya kurekebisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unaruhusu, kwa Mwislamu, tayamamu badala ya kuosha kwa maji, ikifanywa na aliyevaa mavazi ya kujikinga. Ndugu wanasimama kwa umbali wakitazama. Kule Beni, waliopona Ebola waliajiriwa kuwalea watoto waliotengwa na mama zao, kwa sababu miili yao ilikuwa na kinga. Mtoto alipata mikono ya kumbeba, si glavu tu. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo la akili kuliko yote ya mlipuko ule.

Pale timu zilipofika na mifuko ya maiti bila kuongea na wazee, watu walificha wagonjwa. Wewe uliyetoka Beni au Butembo unajua hayo kuliko mimi.

Basi, kambini itakuwaje? Foleni ni ndefu, na nesi mwenyewe amechoka. Pengine atakuwa na dakika chache tu kwako, na maswali mazuri yote aliyofundishwa hayatatoka. Usingoje. Mwambie mwenyewe: dada, dawa hii inataka chakula, na mimi nakula mara moja kwa siku. Au: nyumbani tunalala saba chumba kimoja, na huyu anakohoa. Au: tumemzika shangazi wiki iliyopita, na mimi nilimgusa. Kama hamsikilizani kwa lugha, omba mkalimani, na kama jambo ni la siri, omba asiwe mtoto wako wala jirani. Mwenye kutoka Ituri hawezi kutegemea Kikonzo cha nesi wa Bwera.

Na akikueleza jambo la kufanya nyumbani, lirudie mbele yake kwa maneno yako kabla hujaondoka, hata kama walioko nyuma yako wanaguna.

[Muziki wa kufungia]