Ugumu na Kushindilika: Istilahi za Kauri za Boridi

Neno "ugumu" hubeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Jiwe ni gumu, swali ni gumu, na mkono wa bahili nao ni mgumu. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huu wa maana hauleti utata, kwa kuwa muktadha hufafanua. Katika sayansi, hata hivyo, neno hilo moja huweza kumpotosha mwanafunzi, na kauri za boridi ni mfano bayana.

Boridi ni kampaundi ya boroni na elementi nyingine, aghalabu metali. Katika diboridi ya titani na ile ya zirkoni, atomi za boroni hujipanga katika tabaka bapa zenye umbo la pembesita, zikipishana na tabaka za metali. Vifungo baina ya atomi hizo ni imara mno. Ndiyo maana diboridi ya titani haikwaruziki kwa urahisi, na huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 3,200 za Selsiasi. Aidha, tofauti na kauri nyingi, hupitisha umeme vizuri. Walakini, ufa ukishaanza ndani yake hupenya upesi. Aambiwaye tu kwamba kitu hiki ni "kigumu" atatarajia kisivunjike kikigongwa, kumbe sivyo. Hivyo basi, yafaa "ugumu" ubaki kuwa uwezo wa kupinga kukwaruzwa na kubonyezwa, na "ukinzani-ufa" uwe uwezo wa kuzuia ufa usienee.

Utata wa pili umo katika utengenezaji. Mfinyanzi huchoma udongo kwa moto wa kuni, nao hushikana ukawa mtungi. Vinyweleo vinavyobaki ndivyo vinavyopoza maji. Katika boridi, vinyweleo hivyo ni kasoro, maana hupunguza uimara. Lakini kuviziba ni kazi nzito. Uimara uleule wa vifungo huzifanya atomi zisisogee kwa wepesi, na utando wa oksidi juu ya chembe za unga huzifanya chembe zinenepe bila matundu kuzibika. Kwa hiyo unga hukandamizwa ukiwa katika joto ambalo aghalabu huzidi nyuzi 1,800, au hupashwa moto kwa mkondo wa umeme huku ukikandamizwa. Kaboni au kabidi ya boroni huongezwa ili kuiondoa oksijeni.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatoa msaada wake. "Kushindiliwa" ni kutendwa: fundi ametia nguvu. "Kushindilika" ni kutendeka: unga umefikia hali ya kujaa. Unga wa boridi huweza kushindiliwa usishindilike. Tofauti ambayo mhandisi huitafuta kwa tanuri na mizani imekwisha kubebwa na viambishi viwili, na mtunga istilahi anayeipuuza humnyima mwanafunzi nusu ya maarifa.