Moshi wa kulehemu huacha sumu mapafuni

MAFUNDI wengi wa kulehemu vyuma huamini kuwa pakiti ya maziwa baada ya kazi huosha kifua. Imani hiyo haina msingi, kwani maziwa huenda tumboni ilhali moshi umo mapafuni.

Joto la kulehemu hugeuza chuma kuwa mvuke. Mvuke huo unapopoa hewani huwa chembe ndogo mno, nyingi zikiwa na upana usiozidi nanomita 100. Unywele wa binadamu una takriban nanomita 80,000. Kwa udogo huo, chembe hizo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo ndani kabisa ya mapafu.

Anayelehemu mabati yaliyopakwa zinki huweza kupatwa na homa na kutetemeka saa chache baadaye, akadhani ni malaria. Madhara mengine hukawia. Mnamo 2017, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliorodhesha moshi wa kulehemu miongoni mwa visababishi vya saratani.

Katika karakana iliyofungwa, chembe hizo huelea kwa muda mrefu na kumfikia hata asiyelehemu. Miwani myeusi hulinda macho pekee, na leso haizuii chembe hizo. Kinga ni kufanyia kazi mahali pa wazi, kuvuta moshi kwa feni karibu na unakotoka, na kuvaa barakoa maalumu yenye kichujio. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri jukumu la kutoa vifaa hivyo.