Mnunuzi wa korosho asifukuzwe na tovuti yako

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI yuko Kariakoo, simu mkononi, kifurushi chake cha intaneti kimebaki kidogo. Amesikia kuna kikundi huko Mahege, wilayani Kibiti, kinachouza korosho zilizobanguliwa, na ametumiwa anwani ya tovuti yao. Anaifungua. Kabla hajaona korosho hata moja, dirisha linachomoza na kufunika kioo chote: "Karibu, jiunge nasi." Anatafuta pa kulifungia, hapaoni. Akifanikiwa kulifunga, chini anakuta maandishi yamesongamana kama abiria wa daladala saa 12 jioni. Anatoka. Kilo 50 alizokuwa akizitaka anazinunua kwingine, na kikundi hakijui hata kama alipita.

Kikundi hicho ni cha mfano tu, lakini wateja wa namna hiyo hupotea kila siku. Wajasiriamali wengi hulipa fedha kutengenezewa tovuti, kisha tovuti yenyewe inawafukuzia wateja.

Chanzo chake kinaeleweka. Muuzaji wa korosho ana mengi ya kusema. Akiandika W320, mwenye duka la rejareja huenda asijue kuwa ni korosho nyeupe nzima, na kwamba ratili moja, yaani gramu 454, huwa na korosho 300 hadi 320. W240 ni kubwa zaidi, kwa sababu ratili hiyo hiyo hujazwa na korosho 220 hadi 240. Hapo bado hajaeleza vipande, unyevu, ambao kwa viwango vya kimataifa hautakiwi kuzidi asilimia 5, wala namna ya kufungasha. Akiyaandika yote, ukurasa unajaa. Akiyaacha, mnunuzi mgeni haelewi anauziwa nini.

Jifunze kwa M-Pesa

Dawa yake tunayo mifukoni mwetu. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, wakulima na wavuvi wameizoea orodha ya *150*00#. Orodha ile haikumwagii kila kitu kwa mpigo. Unaona mistari michache, unachagua mmoja, ndipo yanakuja yanayouhusu huo. Asiyetaka kulipa bili haoni habari za bili.

Tovuti nayo iwe hivyo. Kwenye ukurasa andika "Korosho W320, pakiti ya kilo 1" pamoja na bei. Neno W320 lipigiwe mstari wa nukta nukta chini yake. Anayelifahamu atapita. Asiyelifahamu ataligusa, kidirisha kidogo kitafunguka na maelezo ya sentensi mbili, atasoma, atafunga, na atabaki pale pale alipokuwa.

Kuna namna mbili za kufanya hivyo bila gharama kubwa. Ya kwanza, ambayo mimi naipendelea, ni alama ya HTML iitwayo details: maelezo huwekwa ndani yake, na neno la kugusa huwekwa ndani ya alama ya summary. Maelezo hufunguka papo hapo chini ya neno. Vivinjari vyote vikuu vinaielewa tangu 2020, na simu ya zamani isiyoielewa huonyesha maelezo yote yakiwa wazi, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Ya pili ni popover, ambayo huchomoza juu ya ukurasa. Hiyo ilikamilika katika vivinjari vikuu mwaka 2024 tu, kwa hiyo simu zenye vivinjari vya zamani hazina uwezo nayo.

Fundi akikuambia atatumia title, yaani maelezo yanayotokea ukipitisha mshale wa kipanya juu ya neno, mkatalie. Simu ya kugusa haina mshale.

Uzuri mwingine wa njia hizi ni kwamba maelezo hushuka pamoja na ukurasa. Mtandao ukikatika baadaye, kidirisha bado kitafunguka, tofauti na kiungo kinachompeleka mtu ukurasa mwingine na kumlazimu kupakua upya. Uzito wake nao si wa kuogopa. Maelezo 20 yenye herufi 300 kila moja ni kama kilobaiti 6. Picha moja ya megabaiti 3, iliyotoka kwenye simu na kubandikwa bila kupunguzwa, inalingana na maelezo hayo mara 500. Wanaolalamika kwamba tovuti ni nzito waanzie kwenye picha.

Lisijifungue lenyewe

Dirisha linalojifungua bila kuitwa lina historia mbaya. Mmarekani Ethan Zuckerman, aliyefanya kazi katika kampuni ya Tripod miaka ya 1990, ni miongoni mwa walioanzisha matangazo ya namna hiyo. Mwaka 2014 aliandika katika jarida la The Atlantic na kuomba radhi. Januari 2017 Google nayo ilianza kupunguzia nafasi, katika utafutaji wa simu, kurasa ambazo dirisha lake humfunika macho msomaji mara tu anapofika. Kwa hiyo kikundi kinachoweka "jiunge nasi" kinajiumiza mara mbili: mteja anakereka, na wateja wapya hawakioni kirahisi.

Lipo jingine ambalo sioni likisemwa. Wapo wanaotumia vidirisha kuficha yanayowauma: gharama ya usafiri kutoka Kibiti hadi Dar es Salaam, kiasi cha chini cha kununua, au kwamba bei ni ya vipande na si ya korosho nzima. Huo ni ulaghai. Bei, uzito, mahali na namba ya simu vikae wazi. Kiungo cha WhatsApp kikae wazi pia, ili mnunuzi aguse mara moja tu na kuanza kuzungumza nawe.

Nazungumzia korosho zilizobanguliwa. Korosho ghafi ina njia yake, ya AMCOS, ghala na mnada, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanzia Mtwara msimu wa 2007/2008. Hiyo huwezi kuipangia bei kwenye tovuti yako.

Je, maneno gani yapewe kidirisha? Usimwachie fundi aamue. Kwa mwezi mmoja andika kwenye daftari kila swali wanalouliza wateja kwa simu. Swali lililoulizwa mara mbili au zaidi lipewe kidirisha, mengine yaache. Ukurasa wenye viungo kila mstari unachosha kama ule uliojaa maandishi.

Kazi ikikamilika, usiikague kwenye kompyuta ya fundi. Azima simu ya bei ndogo kuliko zote hapo kijijini, yenye kioo kilichopasuka ikiwezekana, simama juani, na ujaribu kukifunga kidirisha kwa kidole gumba. Ukishindwa, usimlipe fundi fedha iliyobaki mpaka arekebishe.